Kubadilisha prosesa ya kompyuta kuukuu ya mezani

Kubadilisha prosesa ni kung'oa prosesa iliyokuja na kompyuta na kuweka nyingine yenye nguvu zaidi, huku ubao mama ukibaki uleule. Mfano ambao mafundi wengi wanaufahamu ni wa kompyuta zenye soketi ya Intel iitwayo LGA 775. Soketi hiyo ilianza mwaka 2004 na Pentium 4, ikaja kupokea Pentium D, Core 2 Duo na Core 2 Quad, hadi LGA 1366 (2008) na LGA 1156 (2009) zilipochukua nafasi yake.

Maisha hayo marefu yamefufua mashine nyingi, na yamewapotezea watu pesa pia. Soketi inafanana, ila mbao mama hazifanani. Nyingi zenye chipseti za 915 na 945 zilitoka kiwandani na mfumo wa kudhibiti volti usiofaa Core 2: prosesa inakaa sawasawa, mashine haiwaki. Zile za P35 na G33, za mwaka 2007, hazina tatizo hilo. Basi kabla ya kununua chochote, fungua kasha, soma jina na toleo la ubao lililochapwa juu yake, kisha tafuta orodha ya prosesa alizoziidhinisha mtengenezaji. Kama bayosi inahitaji kusasishwa, isasishe prosesa ya zamani ikiwa bado mahali pake.

Usichague kwa gigahezi peke yake. Core 2 Duo E6300 ya mwaka 2006 ina gigahezi 1.86, lakini katika kazi nyingi huishinda Pentium D ya gigahezi 3, tena kwa wati 65 tu. Core 2 Quad Q6600, iliyotoka Januari 2007 ikiwa na viini vinne, ilianza na wati 105 na baadaye ikashushwa hadi 95. Feni iliyozoea wati 65 haiiwezi.

Kazi yenyewe inataka utulivu. Washa mashine kwa dakika chache ili krimu ya joto ilainike, zima, chomoa waya wa umeme. Bamba la kupozea lizungushe kidogo kushoto na kulia ndipo ulinyanyue. Katika LGA 775 pini ziko kwenye soketi, si kwenye prosesa, na ni nyembamba mno. Ikipinda moja tu, ubao unaweza kufa. Prosesa mpya ishike kwa kingo, linganisha vijino vyake viwili na soketi, iache itue kwa uzito wake. Krimu kavu isuguliwe kwa spiriti, na mpya iwekwe kiasi cha punje ya mchele.

Kama kompyuta bado inatumia diski ya kuzunguka na RAM ya GB 1, pesa ianzie huko: SSD na RAM zitaonekana kuliko prosesa yoyote. Na atakayebadilisha ajue mpaka wa mashine hizi. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 toleo la 24H2 linadai maagizo ambayo hakuna Core 2 inayoyajua, hivyo haliwaki kabisa. Linux ya biti 64 inafanya kazi.