Siku Chama cha Historia Kilipopanda Fungu Tongoni

Mhariri ameniomba niandike machache juu ya Chama cha Historia cha shule yetu. Kabla ya mengine yote sina budi kusahihisha kosa lililomo katika daftari la kumbukumbu za chama, ambalo niliandika kwa mkono wangu mwenyewe mwaka 1996, nikiwa katibu na mwanafunzi wa kidato cha tatu.

Mwaka huo tulifunga safari kwenda Tongoni, kilomita 17 hivi kusini ya mji wa Tanga, penye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Makusudio yetu yalikuwa mawili: kuyaona makaburi hayo, na kutoka baharini kwa mashua kutazama upande wa mafungu yaliyokwamisha merikebu ya Wareno.

Kisa hicho wengi mnakijua. Aprili 1498 Vasco da Gama alikuwa akielekea Mombasa na merikebu tatu. Mojawapo, São Rafael, ilipanda fungu kabla ya kupambazuka, mbele ya pwani ya Mtangata, jina la kale la upande huo. Ilibidi ingoje maji yajae ndipo ielee. Wenyeji waliwaendea kwa vyombo vyao wakiwa na machungwa, na baharia mmoja aliyekuwa akiandika habari za safari alikiri kuwa yalikuwa bora kuliko ya kwao Ureno. Januari 1499, wakirudi kutoka Bara Hindi, kiseyeye kilikuwa kimekwisha ua mabaharia wengi, hata waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Wakahamisha shehena, wakaichoma moto São Rafael kwenye mafungu yale yale. Wenyeji wakawaletea kuku, wakabadilishana kwa mashati na vikuku.

Sisi wavulana 18 tulikuwa tumeyakariri hayo yote barabara. Ambalo hakuna aliyelikariri ni majira ya maji.

Mwezi ulikuwa umeandama juzi yake, na maji yalikuwa ya bamvua. Nahodha alikwisha tuonya kwamba saa 3 itukute pwani. Lori tulilokodi likachelewa, hivyo saa 2 na nusu ndiyo kwanza tunatweka tanga. Kosa la pili lilikuwa langu. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kurasa 5, na nilipofika ukurasa wa tatu mashua ikalalia ubavu. Nahodha akashusha tanga, akaketi, akawasha sigara.

"Endelea kusoma, mwanangu," akaniambia. "Sasa una nafasi mpaka saa 7."

Tulikuwa na kapu la machungwa ya Muheza. Kwa hofu tuliyokuwa nayo, nusu saa haikupita halikubaki hata moja. Mweka hazina akashauri maji ya kunywa yagawiwe kwa kifuniko cha chupa. Tulikuwa katika kupimiana hivyo tulipomwona bibi mmoja akitujia kwa miguu, kanga ameikunja magotini, mkononi ana kijiti chake cha kuchokolea pweza.

"Shikamoo, bibi!" tukamwamkia sote.

"Marahaba, wajukuu zangu. Mnangoja nini hapo?"

Mwalimu mlezi akamweleza kwa heshima kwamba tumekwama. Bibi akayatazama maji, ambayo hayakumfika goti, akatutazama sisi, akacheka mpaka akajishika kiuno. Kisha akatuongoza pwani huku akituonyesha pa kukanyaga, nasi tukamfuata kama vifaranga, viatu mkononi. Mwalimu alikataa kuvua vyake. Penye matope ya mikoko akazama mguu mmoja hadi pajani. Mguu ulitoka, kiatu hakikutoka. Habari za makaburi ya nguzo, pamoja na matundu yaliyopachikwa mabakuli ya kauri kutoka ng'ambo, alitufundisha akiwa na kiatu kimoja, na sikumbuki kumsikia akifundisha vizuri kuliko siku hiyo.

Jumatatu nilifungua daftari nikaandika: "Msafara ulirejea pwani kwa utaratibu, na ratiba yote ilitekelezwa." Fungu sikulitaja, wala kiatu, wala bibi. Niliogopa tusije tukanyimwa safari ya mwaka uliofuata. Tangu niingie kazi ya serikali nimesoma taarifa nyingi zenye sentensi kama hiyo, na kila mara hujiuliza ni bibi gani aliyefichwa humo.

Yule baharia wa 1498, merikebu ilipokwama, aliandika kuwa imekwama, na machungwa akayasifu. Mimi, mtoto wa pwani hii hii, nilifanya vibaya kuliko mgeni yule. Hata jina la bibi sikumwuliza, ingawa alituangulishia madafu na kuzikataa fedha za mweka hazina.

Kwa hiyo namwomba katibu wa sasa alitafute daftari la 1996, na chini ya saini yangu aongeze haya: "Mashua ilipanda fungu saa 3 na robo, katibu akiwa anahutubia. Wanachama waliongozwa hadi nchi kavu na bibi mmoja wa Tongoni aliyekuwa akitafuta pweza. Maji yalikuwa chini ya magoti. Kiatu cha mwalimu mlezi, cha mguu wa kushoto, hakikupatikana."