Kipaji Chipukizi na Mzigo wa Matarajio: Safari ya Kelvin John na Mambo ya Kuzingatia kwa Wazazi wa Katavi

Na Mwandishi Wetu, Mpanda

Katika viwanja vya shule na mitaa ya Mkoa wa Katavi, kijana anayefunga mabao mengi hachukui muda mrefu kabla ya kupewa jina la mchezaji maarufu wa Ulaya. Jina hilo hutolewa kwa mapenzi na halimgharimu anayelitoa. Anayelibeba ndiye hulilipia, kwa kuwa kuanzia siku hiyo watu hawamtazami tena kama mtoto anayejifunza mpira. Humpima kwa kipimo cha mtu mwingine.

Makala hii inaeleza safari ya mshambuliaji Kelvin John, Mtanzania aliyelibeba jina la namna hiyo tangu akiwa mdogo. Inaeleza pia kanuni zinazomlinda mchezaji mwenye umri mdogo, ambazo kila mzazi, mlezi, mwalimu wa michezo na kiongozi wa klabu mkoani Katavi anapaswa kuzifahamu kabla ya kuweka sahihi katika karatasi yoyote.

Mtoto aliyepewa jina la bingwa

Kelvin John alizaliwa Morogoro tarehe 10 Juni 2003. Mwaka 2018, Kylian Mbappé akiwa na umri wa miaka 19 aliisaidia Ufaransa kutwaa Kombe la Dunia nchini Urusi na kufunga bao katika mchezo wa fainali. Katika kipindi hicho hicho, mashabiki wa soka nchini walianza kumwita Kelvin "Mbappe" kutokana na kasi na ujasiri wake mbele ya lango.

Mwezi Aprili 2019 Tanzania iliandaa fainali za Mataifa ya Afrika kwa vijana wenye umri chini ya miaka 17 jijini Dar es Salaam, na Kelvin alikuwa miongoni mwa washambuliaji waliotegemewa wa Serengeti Boys. Matumaini ya wananchi yalikuwa makubwa, kwani timu ilicheza nyumbani, na timu nne bora zilikuwa zinasubiriwa kuingia Kombe la Dunia la umri huo. Matokeo hayakuwa yaliyotarajiwa. Serengeti Boys ilifungwa na Nigeria mabao 5 kwa 4, ikafungwa na Uganda mabao 3 kwa 0 na kuhitimisha kwa kufungwa na Angola mabao 4 kwa 2.

Vijana wale walikuwa na umri ambao wenzao wengi wako kidato cha tatu au cha nne, lakini walibeba lawama za taifa zima. Hilo ndilo jambo la kwanza la kujifunza katika safari hii. Mtoto aliyesifiwa kama mtu mzima hulaumiwa kama mtu mzima pia.

Kutoka Uingereza hadi Denmark

Baada ya mashindano hayo Kelvin alipata nafasi ya kusoma na kucheza katika Brooke House College, shule iliyopo Market Harborough nchini Uingereza. Mwezi Juni 2021, alipotimiza miaka 18, alijiunga na klabu ya KRC Genk ya Ubelgiji kwa mkataba uliofikia mwaka 2024.

Habari hizo zilipokelewa nchini kwa shangwe, kwa kuwa Genk ndiyo klabu iliyomkuza Mbwana Samatta. Hapo matarajio yakawa ya pande mbili: kijana mmoja alitakiwa kuwa Mbappé na pia kuwa Samatta. Hali halisi ilikuwa ya kawaida kwa vijana wengi wanaoingia katika klabu kubwa za Ulaya. Sehemu kubwa ya michezo yake aliichezea Jong Genk, timu ya vijana ya klabu hiyo, ambayo kuanzia msimu wa 2022/23 ilishiriki daraja la pili la Ubelgiji. Mkataba ulipofika mwisho mwaka 2024, alihamia AaB ya mji wa Aalborg, Denmark, iliyokuwa imerejea Ligi Kuu ya nchi hiyo. Mwisho wa msimu wa 2024/25 timu hiyo ilishuka daraja.

Mtu anayeitazama safari hiyo kwa kipimo cha jina la "Mbappe" anaweza kusema kijana ameshindwa. Kwa kipimo kingine, huyu ni Mtanzania ambaye kabla ya kufikisha miaka 22 alikuwa amesoma Uingereza, amecheza katika nchi mbili za Ulaya na kuitwa katika timu ya Taifa. Hakuna kilichobadilika katika miguu yake kati ya hukumu hizo mbili, kilichotofautiana ni kipimo.

Samatta hakufika kwa siku moja

Wanaomlinganisha kijana yeyote na Samatta hawana budi kukumbuka muda ambao nahodha huyo alitumia. Samatta alizaliwa Desemba 1992 na kuichezea Simba kabla ya kujiunga na TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011. Huko alikaa zaidi ya miaka minne. Mwaka 2015 alitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika akiwa mmoja wa wafungaji bora wa mashindano hayo, na Januari 2016 akatangazwa Mchezaji Bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara.

Alikwenda Genk mwezi huo huo akiwa ametimiza miaka 23, akawa bingwa wa Ubelgiji msimu wa 2018/19, na Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza alipojiunga na Aston Villa. Alikuwa na miaka 27. Hata hapo mambo hayakuwa mepesi. Pamoja na kufunga bao katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, alikaa Villa kwa miezi michache tu kabla ya kwenda Fenerbahçe ya Uturuki mwezi Septemba mwaka huo.

Kwa hiyo umri ambao Samatta alianza kucheza Ulaya ni umri ambao wengi hutaka kijana wa leo awe amekwisha kuwa nyota.

Dunia ina mifano mingine. Freddy Adu, mzaliwa wa Ghana aliyekulia Marekani, alianza kucheza ligi ya kulipwa ya nchi hiyo Aprili 2004 akiwa na miaka 14, huku akilinganishwa na Pelé. Alihamia Benfica ya Ureno mwaka 2007, kisha akazunguka katika klabu nyingi za nchi mbalimbali bila kuufikia ukubwa aliotabiriwa.

Kanuni zinazomlinda mchezaji mdogo

Kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Kanuni za Shirikisho la Soka la Kimataifa (FIFA) kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji nazo zinatumia umri huo. Mambo ya msingi ni haya:

1. Mchezaji haruhusiwi kuhamia klabu ya nchi nyingine kabla ya kutimiza miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa katika kanuni na baada ya kupata kibali. Ndiyo maana Kelvin John alisajiliwa Genk baada ya kufikisha umri huo. Mtu anayeahidi kumpeleka mtoto wa miaka 14 kusajiliwa na klabu ya Ulaya anaahidi jambo ambalo kwa kawaida kanuni zinalikataza.

2. Mchezaji aliye chini ya miaka 18 hawezi kufungwa na mkataba wa kulipwa unaozidi miaka mitatu.

3. Wakala anayemwakilisha mchezaji lazima awe na leseni ya FIFA. Anapotaka kumwakilisha mtoto, ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi ni sharti la lazima.

4. Klabu iliyomlea mchezaji ina haki ya fidia ya mafunzo anaposajiliwa kwa mara ya kwanza kama mchezaji wa kulipwa. Fidia hiyo huhesabiwa kwa mafunzo aliyopata kati ya umri wa miaka 12 na 21.

5. Mchezaji anapouzwa kwa ada kwenda klabu ya nchi nyingine, asilimia 5 ya ada hiyo hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23.

Kipengele hicho cha mwisho kina maana kubwa kwa mkoa kama Katavi. Kila mwaka wa malezi kati ya umri wa miaka 12 na 15 una thamani ya asilimia 0.25 ya ada, na kila mwaka kati ya 16 na 23 una thamani ya asilimia 0.5. Klabu ya Mpanda iliyomlea kijana kwa miaka yote minne ya mwanzo ingestahili asilimia 1. Kijana huyo akiuzwa kwa Dola 1,000,000 za Marekani, klabu hiyo ingestahili Dola 10,000, hata kama anauzwa na klabu ya nchi moja ya Ulaya kwenda nyingine. Haki hiyo hutegemea kumbukumbu. Klabu isiyosajiliwa, au isiyomwandikisha mchezaji wake, haina cha kuonyesha.

Wajibu wa wazazi, shule na klabu za Katavi

Mkoa wa Katavi, uliotangazwa rasmi mwaka 2012 baada ya kugawanywa kwa Mkoa wa Rukwa, ulikuwa na watu 1,152,958 katika Sensa ya mwaka 2022, zaidi ya mara mbili ya idadi ya mwaka 2012. Idadi kubwa ni watoto na vijana. Kwa wengi wao, mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari ndiyo mlango wa kwanza wa kuonekana nje ya halmashauri zao.

Ili mlango huo usigeuke mtego, wananchi wanakumbushwa kuzingatia yafuatayo:

- Kuhakikisha mtoto ana cheti cha kuzaliwa chenye taarifa sahihi. Kupunguza umri humfungia mchezaji milango baadaye na huwanyima haki watoto wa umri halisi.

- Kutomwondoa mtoto shuleni kwa ahadi ya majaribio. Kelvin John mwenyewe alipitia shule kabla ya kuingia katika klabu ya kulipwa.

- Kutolipa fedha kwa mtu anayedai ana nafasi ya majaribio nje ya nchi kabla ya kuthibitisha leseni yake kupitia Shirikisho la Mpira wa Miguu Tanzania (TFF) au chama cha mpira wa miguu cha mkoa.

- Kutosaini mkataba ambao mzazi hakuusoma na kuuelewa. Ofisi ya Utamaduni na Michezo ya halmashauri ni mahali sahihi pa kuanzia kuomba ushauri.

- Kwa klabu na vituo vya kulea vipaji, kujisajili kwa mujibu wa sheria na kutunza kumbukumbu za kila mchezaji kwa kila msimu.

Lipo pia jambo ambalo halimo katika kanuni yoyote, nalo ni namna tunavyozungumza na kijana baada ya mchezo mbaya. Kijana anayetoka uwanjani akiwa amekosa penalti anajua kwamba amekosa, na hahitaji kukumbushwa na mtaa mzima. Anahitaji mwalimu wa kumweleza kosa lilikuwa wapi, mzazi wa kumuuliza kama amekula, na nafasi ya kucheza tena wiki inayofuata.

Wahenga walisema subira huvuta heri. Kijana wa Katavi mwenye kipaji apewe muda, shule, kumbukumbu sahihi na jina lake mwenyewe. Akifika mbali, jina hilo ndilo litakaloandikwa mgongoni mwake.