Tiba ya Akili na Umbali Wake: Kutoka Mirembe hadi Zahanati Zetu

Ndugu wana-Mtanda, mlioko nyumbani na mliotawanyika mikoani,

Katika kitabu hiki tumezoea kusoma habari za madarasa, visima na madawati. Safari hii naomba tutazame historia ya jambo tunalolizungumza kwa kunong'ona: tiba ya ndugu zetu wenye maradhi ya akili na kifafa.

Wazee wetu wa pwani hawakuwatupa wagonjwa hawa. Waliwasomea dua, waliwanywesha kombe, waliwachezea ngoma za pepo, na mtaa mzima ulihudhuria. Mgonjwa alijua ana watu. Lakini aliyezidiwa alifungwa kamba au kufungiwa chumba cha uani, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine.

Wageni walipoleta hospitali, waliziweka mbali nasi. Mwanzoni mwa karne ya 20 wamisionari wa Kijerumani walianza kuwapokea wagonjwa wa akili Lutindi, katika milima ya Usambara. Mwaka 1927 Waingereza walifungua Mirembe, Dodoma. Wakati huo Lindi ilikuwa makao makuu ya jimbo, lakini mgonjwa wetu wa kupelekwa Mirembe alikuwa na safari ya kilomita 900 hivi kupitia Dar es Salaam. Mkulima wa mihogo angemudu mara ngapi kwenda kumjulia hali?

Mwaka 1952, makao makuu ya jimbo yalipohamia Mtwara, madaktari wa Paris walianza kuwatibu wagonjwa wa akili kwa klopromazini. Dawa hiyo ilibadili mambo duniani kote. Mgonjwa aliyetulia kwa vidonge aliweza kurudi kwao, na vidonge huweza kufika mahali ambapo hospitali kubwa haiwezi kujengwa.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, zahanati zilienea vijijini. Mwaka 1978 mkutano wa Alma-Ata uliihimiza dunia kuanzia na afya ya msingi. Katika miaka ya 1980 Tanzania, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark, ilijaribu mpango wa afya ya akili katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro. Wahudumu wa zahanati walifundishwa kumtambua mgonjwa, kumpa dawa na kumfuatilia akiwa kwake. Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 nayo ilichukua nafasi ya sheria ya kikoloni.

Kwa hiyo njia inajulikana kwa zaidi ya miaka 40. Kinachotuangusha bado ni umbali. Daraja la Mkapa la mwaka 2003 lilituondolea adha ya kivuko cha Rufiji, lakini Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara yetu pale Somanga. Dawa inayotegemea safari hukatika barabara inapokatika.

Mimi ni mhasibu, nami nitahesabu. Vidonge vya kifafa vya siku nyingi, kama fenobabitoni, ni vya bei nafuu. Kinachoigharimu familia ni nauli ya watu wawili, mgonjwa na msindikizaji, na siku ya shamba iliyopotea, kila mwezi, kwa miaka. Familia ikichoka, dawa huachwa. Dawa ya kifafa ikiachwa ghafla, degedege huweza kufululiza hadi kuua. Mtoto huangukia jikoni akaungua. Aliyekuwa amepona akili hurudi chumba cha uani.

Kwa hiyo napendekeza sehemu ya michango ya mwaka huu ifanye mambo matatu. Kwanza, kugharamia mafunzo ya wahudumu wa zahanati na wa afya ngazi ya jamii, kwa kushirikiana na mganga mkuu wa wilaya. Pili, kuwa na akiba ya kununulia dawa pale zinapoisha. Tatu, kulipa nauli za wale ambao lazima wafike hospitali ya mkoa. Mashekhe, mapadri na waganga wetu washirikishwe, kwani familia nyingi huanzia kwao.

Hakuna ukoo wetu usio na mtu wa namna hii. Michango ipokelewe na mweka hazina kwa stakabadhi, na hesabu zisomwe hadharani kwenye mkutano mkuu, majina ya wagonjwa yakibaki siri.