Mafunjo ya Mabondeni: Asili Yake, Kupungua Kwake na Namna ya Kuyatunza



Katika taarifa ya mwaka huzoeleka kusoma habari za ada, karo na misiba. Safari hii yafaa pia tukumbuke mmea uotao chini ya miteremko yetu ya Masimba na Gusii yote, maana historia yake ni historia ya maji tunywayo.

Mafunjo huota topeni. Shina lake lina pembe tatu, hufikia mita 4 au zaidi, na juu hubeba kishada kama nywele. Jirani yake ni gugu refu lenye kichwa cha kahawia mfano wa gunzi la mahindi. Wamisri wa kale waliandika juu ya mafunjo. Hata neno letu "karatasi" tulilipata kwa Waarabu, nao walilipokea kutoka kwa Wayunani, ambao kwao lilikuwa jina la gombo la mafunjo. Penye mabwawa katika nchi zetu, watu walipata humo mikeka, vikapu, kamba na maezeko.

Zamani bonde halikuwa la mtu mmoja. Ukoo ulilima mteremkoni, na chini palikuwa malisho na maji ya wote. Waingereza walijenga kituo chao Kisii mwaka 1907. Katika miaka ya 1930 Waafrika wa Kisii waliruhusiwa kupanda kahawa, na katika miaka ya 1950 yakafuata majani ya chai. Miteremko ikajaa, na jembe likashuka bondeni.

Kisha ukaja usajili wa mashamba, chini ya sheria ya mwaka 1963 na ile ya mwaka 1968. Mashamba yetu ni vipande virefu vyembamba vitokavyo kilimani hadi mtoni. Kwa hiyo kila hati ilishuka na mkia wake wa bwawa. Kilichokuwa cha wote kikawa cha kila mtu peke yake, kikakosa mlinzi. Mmoja alichimba mtaro, wa pili akafinyanga matofali, wa tatu akapanda mikaratusi ya kuni na nguzo, mti unywao maji mengi. Tusiwalaumu bure: mwaka 1969 Wilaya ya Kisii ilihesabiwa watu zaidi ya 670,000; mwaka 2019 kaunti za Kisii na Nyamira zilikuwa na zaidi ya 1,870,000. Ardhi haikuongezeka.

Lakini hasara ni ya wote. Bwawa la mafunjo hupunguza mbio za mafuriko, hushika udongo uliochukuliwa na mvua, na huachilia maji polepole wakati wa kiangazi. Likikauka, chemchemi hudhoofu, na tope hushuka kwa mto Gucha hadi Ziwa Victoria. Korongo taji naye, afanyaye kiota humo, hukosa makao. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Ramsar mwaka 1990. Mwaka 1999 ikatunga sheria ya mazingira, na mwaka 2009 kanuni za ardhi oevu. Hata hivyo, sheria iliyo kabatini haiwezi kuotesha mmea.

Namna ya kuyarudisha ni hii. Mvua ndefu zianzapo, kata kipande cha shina nene lilalalo topeni, chenye machipukizi mawili au matatu. Kipande palepale penye unyevu wa daima, hatua moja kutoka kwa mwenziwe. Zuia ng'ombe mpaka kishike. Wakati wa kuvuna tumia mundu, usichimbue wala usichome moto. Kata sehemu moja na kuacha nyingine, na sehemu iliyokatwa ipumzike mwaka mzima. Lile gugu la kichwa cha kahawia lichunge, kwa kuwa mbegu zake huchukuliwa na upepo na laweza kuziba kisima. Likizidi, likate chini ya usawa wa maji, likose pumzi life.

Hapana budi basi majirani wa bonde moja wakae pamoja, wakubaliane ukanda usiolimwa kando ya maji, na mikaratusi iliyomo ing'olewe kwa zamu. Mtu mmoja akiacha mkia wa shamba lake na jirani akichimba mtaro, kazi ni bure. Mpaka wa shamba huandikwa katika hati, maji hayaujui. Wazee waliosimamia bonde la ukoo bila hati wana neno la kutufundisha, nasi tunawaomba watuongoze.