Nani Anamsemea Kijana wa Ngara?

Mtoto wa mkulima wa Ngara au Biharamulo, mkoani Kagera, Tanzania, huanza kuijua sera ya elimu ya juu anapojaza fomu ya mkopo. Wakati huo makundi yenye nguvu yamekwisha kusema yao, na kila nchi ina namna yake ya kuyasikiliza.

Uganda, malalamiko yalikuwa kwamba nafasi za kusomeshwa na serikali zinaishia kwa wanafunzi wa shule chache za Kampala na Wakiso. Tangu 2005 sehemu ya nafasi hizo hugawiwa wilaya. Wakenya hupendelea mgomo na mahakama: Desemba 2024 wanaharakati na wanafunzi waliishinda serikali Mahakama Kuu kuhusu mfumo mpya wa ufadhili wa vyuo vikuu, mojawapo ya hoja ikiwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Serikali ikakata rufaa.

Tanzania maandamano hayajazaa sana. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Nyerere akawarudisha mamia makwao. Mwaka 1974, kwa Azimio la Musoma, TANU yenyewe iliamua kwamba mtu afanye kazi kwanza ndipo aombe chuo kikuu. Waliofaulu zaidi ni waliokaa na serikali wakazungumza. Februari 1992 Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo walitia saini makubaliano na serikali kuhusu elimu na afya. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kikaanza Mwanza. Waislamu nao walikabidhiwa majengo ya shirika la umeme, TANESCO, mjini Morogoro, na chuo kikuu chao kikafunguliwa 2005. Leo TAHLISO, jumuiya ya wanafunzi wa elimu ya juu, huwasemea wanafunzi mbele ya Bodi ya Mikopo, lakini hao tayari wako chuoni.

Ngara nayo ina makao ya dayosisi ya Anglikana, Murgwanza, na Jimbo Katoliki la Rulenge-Ngara. Lakini nguvu ya makanisa hayo huonekana zaidi hospitalini na katika shule kuliko kwenye mjadala wa vyuo vikuu. Hata kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mkoani Kagera, inayogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, imepangiwa Bukoba.

Mgawo wa Uganda una kasoro: wapo waliosomea Kampala wakadai nafasi za wilaya za mababu. Hata hivyo, katika njia zote hizi, ndio unaomfikia asiye na wa kumsemea. Tanzania iujaribu, mradi wilaya inayohesabiwa iwe ile mwombaji aliyosomea.