Maporomoko ya Wagenia: namna ya kupiga foto na telefone

Maporomoko ya Boyoma, ambayo wakati wa ukoloni yaliitwa Stanley Falls, ni saba. Yanafuatana kwa kilometa karibu 100 kati ya Ubundu na Kisangani. Lile la mwisho, hapo Kisangani, watu wengi wanaliita tu Wagenia, jina la wavuvi wa pale, na ndilo linapigwa foto sana.

Mgeni anafika na telefone yake, anapiga, kisha anashangaa: kwa macho maji yalikuwa ya kuogopesha, kwa foto yanaonekana sawa mto wa kawaida. Maporomoko haya si marefu. Yote saba pamoja yanashuka mita karibu 60. Nguvu yake iko katika upana na wingi wa maji, na hiyo haionekane bila kitu cha kupimia. Kipimo ni ile miti mikubwa ambayo Wagenia wanasimamisha katika mashimo ya mawe na kufunga kwa kamba za msitu, wanashushia hapo vitunga vyao vya samaki. Mvuvi mmoja akipanda juu ya miti, ukubwa wa mto unaonekana mara moja.

Basi foto nzuri ya Wagenia ni foto ya watu wakiwa kazini, na kazi yenyewe ni ya hatari. Shurti kuongea na wazee wa pale mbele ya kutoa telefone, na kusikilizana bei kabisa. Kupiga kwanza ndipo kuuliza, ndiko kunaleta makelele, na wavuvi wako na haki: mtego ni wao, sura ni yao. Foto ikiisha kutoka vizuri, kuwatumia ni adabu tu.

Kuhusu mwangaza, Kisangani iko karibu na ikweta, jua la saa sita liko juu ya kichwa na povu linakuwa doa jeupe. Afazali saa kumi na moja za jioni. Gusa povu kwenye ekra, kisha punguza mwangaza kidogo. Kama telefone inaruhusu kuchagua muda, 1/500 ya sekunde inasimamisha matone. 1/4 inafanya maji kuwa sawa moshi, lakini telefone ikae juu ya jiwe, isitikisike. Mvuvi naye atatoka kivuli tu, kwa hiyo kwa watu ni 1/500.

Pangusa lensi kila mara, na funga telefone kwa kamba mkononi. Mawe yale yanateleza.