Rafu imeniangushia vinyago, nikakumbuka Songo Mnara

Wadau, nimekuwa kimya wiki nzima. Sababu ni rafu. Ndiyo, RAFU ya ukutani!

Jumatatu usiku nilisikia kishindo chumbani. Rafu niliyoinunua kwa shilingi 80,000 ilipinda katikati mpaka ikachomoka, vinyago vyangu vya Kimakonde vikawa sakafuni. Kimoja, cha mwanamke aliyebeba mtungi, alinipa babu nilipohitimu chuo kikuu. Mkono umekatika. Babu ametangulia mbele ya haki, kwa hiyo hakuna wa kunipa kingine.

Kosa ni langu. Mpingo ni mzito kiasi kwamba ukiutia majini unazama, nami nilipanga vipande kumi na vinne juu ya chipubodi, yaani vipande vidogo vya mbao vilivyogandishwa kwa gundi. Mjerumani Max Himmelheber aliiendeleza chipubodi miaka ya 1930 akitaka mabaki ya mbao yasipotee bure. Baadaye ndiyo iliyoshusha bei ya samani. Mwaka 1979 Gillis Lundgren alibuni rafu ya vitabu iitwayo Billy kwa ajili ya kampuni ya IKEA ya Sweden, na zimeuzwa mamilioni duniani. Wakusanyaji wa wanasesere wa plastiki huko Ulaya na Marekani wanazijua sana. Lakini plastiki si mpingo, na unyevu wa Dar unaivimbisha chipubodi kama mandazi.

Nikiwa nafagia nilikumbuka safari ya kikazi niliyofanya Kilwa. Tulivuka hadi Songo Mnara, mji wa mawe waliokaa watu kati ya karne ya 14 na ya 16. Wenzangu walipiga picha msikiti. Mimi nilivutiwa na vishimo vilivyojengwa ndani ya kuta za nyumba. Hivyo ni vidaka, au zidaka kama wanavyosema Waamu.

Ukitaka kuviona vikiwa vizima, nenda Lamu. Katika nyumba za waungwana za karne ya 18, ukuta wa chumba cha ndani kabisa umejaa vidaka safu juu ya safu, vimerembwa kwa nakshi za chokaa. Humo walipanga sahani na bakuli za kaure kutoka China, mgeni aone kwamba mwenye nyumba ana mkono uliofika mbali.

Kilichonigusa ni hesabu yake. Dari za nyumba hizo zilishikwa na boriti za mikoko, na boriti haitoshi kuvuka chumba kipana, hivyo vyumba vingi vilikuwa na upana wa mita 3 hivi au pungufu. Ukiweka kabati humo mtapita ubavu ubavu! Kidaka hakichukui nafasi ya sakafu, hakipindi na mchwa hawakili. Ila tusidanganyane, hakikuwa cha bei poa. Aliyeishi kwenye nyumba ya udongo na makuti hakuwa na ukuta wa kuchonga nakshi za namna hiyo.

Mimi pia sina ukuta, maana nimepanga. Mwenye nyumba kanikatalia kutoboa shimo kubwa, skrubu tu karuhusu.

Jumamosi nikaenda Keko kwa mafundi. Kabati la mninga lenye milango ya vioo nilipotajiwa bei nilicheka kwa uchungu. Fundi mmoja akanishauri nichukue mbao za paini, fupi fupi, kila moja na vishikizo vyake vya chuma. Ana haki: kwa mzigo uleule na ubao uleule, ukipunguza kwa nusu nafasi kati ya vishikizo, kupinda kunashuka hadi sehemu ya nane.

Nimezifunga sita, safu mbili. Mwanamke wa mtungi yuko ya chini kabisa, mkono wake nimeuweka pembeni yake. Sijaugandisha. Kama kuna mchongaji anayesoma hapa, naomba aniambie gundi gani inashika mpingo bila kuacha alama.